Mgeni wa Kaburi la Mama

Jumatatu, 3 Agosti 1953

Mwalimu Shomari kaja jioni. Kasema Waskoti wa Dar es Salaam wana chama chao, na chama kinasomesha vijana wa damu yao ng'ambo. Mwaka huu wamekubali hata waliozaliwa huku na mama Mwafrika. Sharti moja – baba aje mwenyewe aseme mbele yao kuwa mtoto ni wake.

Unesi. Glasgow, kwao Uskoti.

Baba yangu ni Bwana Makrei, meneja wa shamba la mkonge upande wa Kibaha. Kisarawe nzima inajua. Yeye tu hajawahi kusema.

Mama alikuwa anaanua mihogo. Kaendelea kuanua hadi mwalimu kaondoka. Kisha: "Kamwulize, Mwamini. Hatakula nyama yako."

Alhamisi, 6 Agosti

Tumerudi kutoka Kibaha, mimi na Mjomba Kibwana. Vumbi mpaka kwenye meno.

Bwana Makrei amezeeka. Kaniuliza nataka nini, kwa Kiswahili cha kuamrisha vibarua. Nikajibu kwa Kiingereza cha shule. Akanitazama sana. Kasema nina paji la uso la mama yake. Nilifurahi – naona haya kuliandika hili.

Atakubali. Lakini niitwe Meri. Na mama... Zamani aliwaambia wenzake kuwa alikuwa na mke huku, akafa akijifungua. Hawezi kujikana mbele yao leo. "Kwa hiyo mama yako amekufa. Umeelewa?"

Mjomba alikuwa chini ya ngazi, Kiingereza hajui. Njiani kaniuliza kasemaje. Nikasema: amekubali.

Ijumaa, 7 Agosti

Nimemwambia mama. Alikuwa ananisuka. Mkono ukasimama kichwani mwangu, kisha ukaendelea.

"Sema nimekufa. Kwani neno linazika mtu?"

Mjomba kachukia. Kasema mtu haitwi marehemu na bado anakula. Hakugusa chakula chetu, kaenda kwake.

Jumatano, 12 Agosti

Dar. Chumba kikubwa, picha za milima ukutani. Baba kavaa suti. Kasimama akasema huyu ni binti yangu. Mara ya kwanza kulisikia.

Bibi mmoja wa chama, Bi. Dankani, alinishika mkono. Alilia kwa ajili ya mama yangu. Akauliza kazikwa wapi. Baba anatazama viatu. Nikajibu mimi: Kisarawe.

Hilo hakunifundisha mtu.

Wamenipa nafasi. Meli ni mwezi ujao.

Alhamisi, 20 Agosti

Mwalimu Shomari kaleta salamu – Bi. Dankani anakuja Jumamosi kuweka maua kaburini.

Mama kasema nimpeleke kwenye kaburi la Tatu, mdogo wake. Nikamwomba aende Dutumi kwa ndugu zetu, akae huko mpaka mgeni aondoke. Kakataa.

"Nimekubali kufa. Kuhamishwa sijakubali."

Jumamosi, 22 Agosti

Walikuja na motokaa, baba ndiye dereva. Hakushuka. Bi. Dankani kaweka maua kwa Mama Tatu, kapiga magoti kwenye majani makavu. Nililia kweli. Sijui nilikuwa namlilia nani.

Nilidhani yamekwisha. Kumbe anataka kuiona nyumba niliyokulia.

Mama katoka na madafu. Kavaa kaniki ya shambani, khanga zake mpya kaziacha ndani. Kampa mgeni dafu kwa mikono miwili. Bi. Dankani kamshukuru, kisha kamwangalia, kaniangalia mimi, kamwangalia tena. Akaniuliza huyu mama mwema ni nani.

Nikageukia motokaa. Baba kashika usukani, macho mbele, kama yuko safarini.

Nikasema: "Savanti."

Mama Kiingereza hajui. Ila neno hilo analijua. Ndilo aliloitwa miaka ile alipokuwa mtumishi, akipika nyumbani kwa Bwana Makrei, kabla yangu.

Uso wake haukubadilika. Kainama, kapokea dafu tupu, kaenda nyuma ya nyumba. Bi. Dankani kasema nina bahati kuwa na mtu wa kunitunza. Wakaondoka.

Nimekaa ndani mpaka jua limepungua. Sikumfuata. Nikamsikia anasonga bada la muhogo jikoni, mwiko unagonga chungu. Nikamwita: "Mama."

"Abee," kaitika.

Mama hajawahi kuniitikia abee. Mimi ndiye wa kumwitikia hivyo.

Kaleta bada na mchuzi, kaniandalia juu ya mkeka. Sahani moja. Maji ya kunawa, kaninawisha. Nikamwambia kaa tule. Kasema atakula huko nyuma, na kama nataka kitu kingine nimwite.

Bada linapoa. Namsikia jikoni, hajaanza kula. Sijui anangoja nimfuate huko, au anangoja nimalize aje atoe vyombo –