Fungu la Sifuri Nililokupunja

Bibi, shikamoo.

Hili sijamwambia mtu, hata Mama: jua haliko kilomita laki moja na nusu. Nilikudanganya bila kujua ni kwa kiasi gani.

Unakumbuka siku ile ya joto, umekaa kwenye meza yako ya nyanya hapa Nkuhungu, ukaniuliza, "Mke mwenzangu, we si msomi? Hili jua liko mbali kiasi gani?" Nikafungua kitabu cha jiografia. 150 000 000. Sifuri zilikuwa nyingi mno. Nikaona haya kukwama mbele yako, nikasoma mafungu mawili tu na kufunga kitabu. Laki moja na nusu. Ukapiga makofi: "Ndiyo maana tunaungua! Kumbe lipo hapo tu!"

Ukamwambia kila mteja. Kwenye mazishi yako mzee wa kanisa alisimama akasema marehemu ndiye aliyemweleza kwa nini Dodoma ni kame. Watu wakaitikia kwa vichwa. Nikajifunika kanga usoni, wakadhani nalia. Nilikuwa nalia pia, Bibi. Lakini nusu ilikuwa aibu.

Siku hizi mezani nakaa mimi, nikisubiri matokeo ya kidato cha nne. Kuita wateja bado nashindwa. Juzi akaja Upendo wa jirani, yule wa darasa la tano. "Dada, mwalimu kasema ni milioni mia moja na hamsini. Kumbe Bibi alikuwa mwongo!"

Mwongo. Wewe, uliyekuwa ukiongeza nyanya ya nne kwenye fungu la nyanya tatu kwa kuogopa kumpunja mtoto!

Nikachukua nyanya tisa, kila moja tarakimu yake, nikazipanga tatu tatu kama mafungu yako, kuanzia kulia. Fungu la kwanza mamoja, makumi, mamia. La pili maelfu. La tatu mamilioni. Kisha nikaondoa lile la kulia, na mamilioni yakawa maelfu hapo hapo. Hata mimi ndipo nilipoelewa.

"Fungu moja lilidondoka," nikamwambia.

"Nani kalidondosha?"

Nikampa nyanya. Akaila, akaendelea kunitazama.

Bibi, naahidi Jumapili nitasimama kanisani, mimi nisiyeweza kuita hata mteja, niseme aliyekosea kusoma ni mimi.

Kwaheri, mke mwenzangu. Pumzika kivulini. Ila mpaka Jumapili usimwambie mtu huko, hasa Babu. Atacheka mpaka malaika waje kuuliza kuna nini.