Zamu ya Maji ya Jumanne

Kwako kaka, Mheshimiwa Diwani,

Jumanne iliyopita nilipoteza zamu yangu ya maji ya mfereji, muda wa saa sita kila wiki, niliyokuwa nayo kwa miaka kumi na moja. Baraza lenu la madiwani limepiga kura na kumpa mwenyekiti wenu. Vitunguu vyangu, eka mbili, vimeanza kulala. Vikikosa maji Jumanne ijayo, vimekwisha.

Huku hatujambo. Mama amepata miwani mipya, sasa anaona mpaka yasiyomhusu.

Uliniambia wakati wa kura ulikuwa nje unaongea na simu. Nilikuamini. Nilipokwenda kuomba muhtasari wa kikao, karani alinitazama kwa huruma. "Dada, kura zilikuwa saba kwa sita. Madiwani wako wangapi?"

Madiwani ni kumi na watatu, kaka. Nje hakukuwa na mtu.

Nilizunguka nyumba mia mbili na nne kwa miguu kukuombea udiwani. Jumatatu baraza linasikiliza rufaa yangu, na sitaki kuingia humo bila kujua nani ni wangu. Ulinyoosha mkono pamoja na wale saba au wale sita? Nijibu kwa namba moja tu, kabla ya Jumapili saa sita mchana, na usimtume mama.

Mdogo wako wa shambani