Dawa Alizomwaga Rebeka

Jumapili, 2 Februari

Mvua tangu asubuhi. Umeme hakuna. Bwawa la umeme la Nzilo haliko mbali, na sisi tunawasha mishumaa. Nimekunywa kidonge changu cha presha na chai, nikakaa mezani kumalizia sehemu ya leo ya hadithi. Saa tisa nilikuwa studio ya redio ya kanisa, tope jekundu mpaka magotini.

Sehemu ya leo imezipita zote. Rebeka, mama mwenye mtoto wa SS, selimundu, anapanda juu ya ukuta wa Nzilo na kumwaga dawa zote majini. Anamwambia Mungu, basi, chagua mwenyewe. Akirudi nyumbani mtoto amekaa kitini anaomba bukari, ugali wa moto. Nilisoma polepole. Fundi wa mitambo alifuta macho. Simu zililia mpaka kipindi kilichofuata kikachelewa kuanza. Mchungaji alinishika mikono yote miwili.

Ugonjwa wenyewe nimeuazima kwa Gloria, mtoto wa jirani. Naye ni SS, damu yake mbaya, mifupa inamuuma hadi anauma shuka. Nilihitaji ugonjwa unaojulikana na kila mtu. Nimerudi nyumbani kichwa kimevimba. Sikatai.

Jumanne, 4 Februari

Mama Gloria amekuja na sahani ya karanga. Amelia, amecheka, amelia tena. Anataka kujua Rebeka anakaa wapi.

"Mama Beatrisi, ule mama iko mu quartier gani? Mi nataka aniombee mutoto yangu."

Hapo ndipo pa kusema: hakuna Rebeka, nimemtunga mimi, mezani, nikila mihogo. Ingenichukua pumzi moja. Lakini alivyonitazama! Hakuna aliyenitazama hivyo tangu niache kufundisha. Nikasema yuko mbali, kule Kapanga, karibu na Musumba. Nilitaja Musumba kwa sababu barabara yake haipitiki. Nani ataenda kuuliza?

Karanga zilikuwa nzuri. Nimezila zote.

Jumatano, 12 Februari

Maombi ya wamama. Mama Gloria alisimama kutoa ushuhuda. Amemwaga dawa za Gloria. Si Nzilo, hana nauli ya Nzilo, amezimwaga chooni. Mtoto halalamiki, anacheza. Wamama wakapiga vigelegele. Mchungaji akasema, mnaona kazi ya neno, hata hadithi inaponya. Akanielekezea mkono.

Nilipiga makofi. Naandika hivyo hivyo, bila kupamba. Nilipiga makofi kwa nguvu kuliko aliyekaa pembeni yangu.

Alhamisi, 13 Februari

Nimekwenda kwa Mama Gloria kumwambia. Nimemkuta anafua huku anaimba. Gloria alikuwa amekaa kivulini anamsuka mwanasesere nywele. Nikaanza: jirani, ile hadithi. Akanikata, akaeleza jinsi alivyokuwa hapati usingizi, na sasa analala. Mume wake yuko Kisenge na malori ya madini ya manganizi. Usiku wote wa maumivu ya mtoto ni wake peke yake. Sasa analala.

Nikaomba chumvi. Nyumbani chumvi ninayo.

Asubuhi nimekunywa kidonge nimefunga mlango. Sijawahi kufunga mlango.

Jumapili, 16 Februari

Ningeweza kurekebisha leo. Nimeishika kalamu tangu alfajiri. Daktari wa hadithi angemwambia Rebeka, mama, Mungu ndiye aliyetupa na dawa. Sentensi moja. Nimeiandika, nikaisoma, nikaiona dhaifu. Kweli, niliwaza kama ni dhaifu! Nikaikata. Daktari wangu akapiga magoti mbele ya Rebeka badala yake.

Najua kwa nini. Mume wangu alikufa na mapafu yake yaliyojaa vumbi la mgodi, na mimi nilikuwa nimefunga, nimekesha, nimempaka mafuta. Hakuamka. Tangu hapo katika hadithi zangu kila mume anaamka. Kila mtoto anaomba chakula. Wanaokufa ni walevi na wachawi. Watu wanasema Mama Beatrisi anaandika kwa imani. Naandika kwa hasira, na hasira yenyewe nimeivika kitambaa cha kanisa.

Jumatano, 19 Februari

Kelele za Gloria zilinikuta nachota maji. Si kelele za mtoto anayelia. Mama yake alikuwa amepiga magoti kando yake anaomba, ananukuu maneno ya Rebeka neno kwa neno. Maneno yangu. Macho ya mtoto ya njano, midomo imepauka. Nikasema, hospitali. Akasema Rebeka hakwenda hospitali. Nikapiga kelele: hospitali! Nikatoka mbio kwa Tata Sefu, yule mfanyabiashara wa kutoka Maniema mwenye Noah ya kubebea mizigo. Aliacha swala ya alasiri kwa baadaye, akatupa magunia chini, tukapanda.

Hospitali wakasema damu, haraka. Mama yake kundi halilingani. Tata Sefu akakunja mkono wa shati bila kuulizwa, wakamtoa damu. Haitoshi, wakasema. Nikanyoosha na mimi mkono.

Muuguzi, msichana mdogo, mwenye haraka, akanipima presha. Akapima tena. Akauliza kwa sauti ya watu wenye kazi nyingi:

"Mama, tension yako iko juu. Dawa unakunywaka gani?"

Mama Gloria alikuwa hapo, amebeba kichwa cha mtoto.

Nikataja jina la dawa.

"Kila siku?"

Kila siku, nikasema. Sauti haikutoka vizuri, akaniambia nirudie. Nikarudia.

Mama Gloria alinitazama. Ningependa angenipiga.

Alhamisi, 20 Februari

Damu ya Tata Sefu imeingia, yangu waliikataa. Gloria ameomba maji. Namwambia Mungu vitu ambavyo sivisomi redioni.

Jumamosi, 22 Februari

Gloria amekufa asubuhi hii. Homa iliingia kifuani. Daktari amesema mwili wake haukuwa na kinga, kwamba vidonge vile vidogo vya kila siku ndivyo vilikuwa ukuta wake. Alisema kwa upole. Nilisimama mlangoni nikasikia yote.

Jumatatu, 24 Februari

Tumezika jana. Kilio kiko kwao, turubai limefungwa mpaka kwenye ukuta wangu. Baba yake amefika kutoka Kisenge, vumbi jeusi la manganizi bado liko kwenye nyusi. Hajui lolote kuhusu hadithi. Amenishukuru kwa kukimbilia gari.

Nikakaa mkekani karibu na Mama Gloria. Nilijiandaa kwa laana. Nilitaka laana. Akanishika goti, akasema taratibu:

"Mi njo nilimuua. Rebeka hakurudi nyuma. Mi nilirudi nyuma, nikamupeleka ku hospitali. Mungu aliona imani yangu ilivunjika."

Nikasema hapana, jirani, hapana. Akasema wewe huwezi kuelewa, wewe unakunywaka dawa, wewe ni wa kuandika tu. Rebeka njo alifanya.

Kwa hiyo ndivyo alivyonielewa pale hospitali. Mimi mwenye imani ndogo, karani wa Rebeka. Rebeka bado amesimama juu ya ukuta wake, msafi. Na mimi nikanyamaza, kwa sababu wamama walikuwa wengi mkekani na wote walikuwa wanasikiliza. Nimemuua mtoto kwa hadithi, na sasa namwacha mama yake abebe maiti mara ya pili, ili mimi nisiaibike mbele ya wamama wa maombi.

Mchungaji alihubiri kwamba Mungu ana sababu. Zamani ningempa mimi hiyo sababu, imeandikwa vizuri.

Jumapili, 2 Machi

Sikwenda redioni. Nilituma ujumbe kwamba naumwa. Wakarudia sehemu ya zamani: ya Nzilo. Niliisikia kupitia ukuta, kwa majirani, wote wameweka sauti juu. Nilijifunika mto kichwani. Sauti yangu ni nzuri sana redioni. Inachukiza.

Jumanne, 4 Machi

Tata Sefu amenisimamisha barabarani. Ana lori linalopeleka mafuta na sabuni Kapanga, litaondoka kesho. Mama Gloria ameomba nafasi juu ya mizigo. Mvua zote hizi! Lori la mwezi jana lilizama matopeni, watu wakalala porini wakila mihogo mibichi.

"Anasema anaenda Musumba kutafuta mama mmoja wa maombi. Mi namwambia angojee kiangazi, hapana, anakataa. Wewe njo rafiki yake. Muongeleshe."

Mume wake amemkataza. Hakusikia. Amefunga vitenge viwili na chupa ya mafuta ya mawese ya kumpelekea Rebeka. Zawadi. Anataka kumuuliza ni kitu gani yeye hakufanya.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu imefika mpaka Musumba.

Jumatano, 5 Machi

Nilifika kwenye lori kabla ya mizigo kufungwa. Mama Gloria alikuwa tayari juu, kwenye maboksi ya sabuni, kitambaa cheusi kichwani. Nikamwomba ashuke. Akasema niseme kutoka huko huko chini, kwamba dereva ana haraka. Wapakizi walikuwepo. Tata Sefu alikuwepo. Wamama wawili wa maombi walikuwa wamekuja kumsindikiza, bila shaka. Vizuri. Nilikwisha kutafuta sana mahali pasipo na watu.

Nikasema kwa sauti. Rebeka hayuko. Hayuko Musumba, hayuko mahali popote. Mimi nilimtunga. Mtoto wake nilimtunga, Mungu aliyemjibu kwa haraka vile nilimtunga pia. Ugonjwa tu ndio wa kweli, na huo niliuiba kwa Gloria. Ulipouliza anakaa wapi nilikudanganya kwa sababu nilipenda unavyonitazama. Kumpeleka mtoto hospitali si kosa. Ni jambo pekee la haki lililofanyika, na ulilifanya wewe.

Wapakizi waliacha kufunga kamba. Mmoja wa wamama alisema, eh, Yesu.

Mama Gloria alikaa. Nilidhani hakusikia. Kisha akaanza kushuka, polepole, anatafuta tairi kwa mguu. Tata Sefu akampa mkono. Alipofika chini akanisogelea karibu kabisa.

"Mi nilikuwa nasikia wivu," akasema. "Siku yote. Hata pa kaburi. Nilikuwa nasikia wivu ya mutu mwenye hayiko."

Akachukua mzigo wake, akaenda nyumbani. Chupa ya mawese ilibaki juu ya lori. Hakuna aliyethubutu kumkimbilia nayo.

Alhamisi, 6 Machi

Mchungaji amekuja. Anasema ningemwambia yeye kwanza, faragha, tungeona la kufanya. Anasema hadithi ni hadithi, kosa ni la msikilizaji. Nilimwambia yeye ndiye aliyesema mbele ya wamama kwamba hadithi inaponya. Akaondoka bila kunywa maji. Kipindi wameipa kwaya.

Wamama wa maombi hawanisalimu. Mmoja ametema mate. Nimelala vizuri kidogo, na hilo pia limenitia haya.

Jumanne, 11 Machi

Baba Gloria amerudi Kisenge. Kabla ya kuondoka alisimama mlangoni kwangu. Sasa anajua. Ni mwanamume mkubwa, mikono yake inajaza mlango. Alisema, "Mama, usiandike tena juu ya mutoto yangu," akaenda. Nikasema ndiyo, mgongo wake ukiwa tayari umegeuka.

Haya ninayoandika hapa hayatasomwa na mtu. Sijui kama na haya yamo katika ahadi. Naona yamo. Nitaandika mara moja tena, basi.

Jumapili, 16 Machi

Mvua imepumzika. Mlipuko wa mgodi umetikisa vikombe saa zake, kama kawaida. Saa ya kipindi ilipofika nilikuwa nyuma ya nyumba, natwanga sombe, majani ya mihogo, nisikie kinu na si redio.

Mama Gloria alipita mlango wa uzio. Hajanisemesha tangu siku ya lori. Akavuta kigoda, akakaa, akaanza kuchambua majani yaliyobaki. Sikuuliza. Niliogopa nikifungua mdomo atasimama.

Baadaye akasema watu wote wanamwambia habari za mbinguni. Gloria ana mabawa, Gloria anaimba. Yeye anataka kusikia Gloria. Akaniambia nimsemee kitu cha mtoto wake. Kitu nilichoona kwa macho.

Nikafikiri. Nikamwambia juu ya masuku, yale matunda ya porini. Nilikuwa nimenunua bakuli zima, nimeliacha hapa nje. Nilirudi nikakuta maganda yamepangwa chini ya kigoda, na Gloria amesimama anasema ni mbuzi. Nikamuuliza, mbuzi amepanga maganda? Akasema ndiyo, huyu mbuzi alisoma.

Mama yake alicheka. Alicheka mpaka akajifunika uso kwa kitenge, mabega yanatikisika, na sikujua tena kama ni kicheko.

"Ile njo ya kweli," akasema alipojifunua. "Njo yeye kabisa. Ongeza ingine."

Nikatafuta. Miaka yote ya maisha yake mtoto yule alikuwa anapita uani kwangu kila siku, na mimi nilikuwa mezani, nimeinamisha kichwa, nawaponya watu wasiokuwepo.

Sikuwa na nyingine.