Maswali ya Kaka Kabla ya Kuigusa Shingo Yako

Mpendwa Baba,

Maji yamerudi mtoni na malori yanapita kila siku hapa Garsen, lakini wewe bado uko Malindi kwa Shangazi, karibu na hospitali. Kimya changu mmekizoea humu nyumbani. Cha kwako mimi sijakizoea.

Nakumbuka asubuhi za mafuriko ulipokuwa ukinivusha kutoka kijijini Idsowe kwenda shuleni kwa mtumbwi, wewe umesimama nyuma na upondo, mimi nimekalia mikungu ya ndizi na sare yangu ya shule nimeikunja magotini. Jioni ulikuwa ukiniuliza, "Bubu wangu, leo umemsalimu mwalimu au umevitazama viatu vyake?" Nilikuwa nikicheka bila sauti, na wewe ukachekea hicho kicheko. Shuleni nimefundishwa kusema kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na lugha zote mbili nazitumia kunyamaza. Lakini anayenyamaza huona mengi, Baba. Wewe nilikuwa nakutazama sana.

Shingo ilianza kukuuma zile siku za kuyahamisha magunia ya mahindi yasilowe. Kaka Bakari alipokuja likizo kutoka Mombasa, kwenye kazi yake ya kukanda viungo hospitalini, ulifurahi. Ulivua shati, ukaketi mkekani, mafuta ya simsim pembeni.

"Baba, unapata kizunguzungu?" akauliza.

"Kanda."

"Unaona vitu viwiliviwili? Chakula kinakwama ukimeza?"

"Yule mzee mkandaji wa kijiji cha Wema ananikanda tangu hujazaliwa, hajaniuliza hata jina. Mikono yake ndiyo inayouliza. Mkandaji wa kuuliza hajui kazi."

Mama akadakia, "Labda mikono ya hospitali haisikii vizuri."

Tulicheka sote, hata Kaka. Kwetu ndivyo tulivyoamini: mgonjwa hukaa kimya, fundi akatafuta mwenyewe. Tena mtoto hamhoji baba yake habari za mwili wake.

Kaka akaongea polepole. "Mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo inapita humo humo kwenye pingili za shingo. Mmoja ukichanika, maumivu yake yanafanana na ya misuli. Nikizungusha shingo, bonge la damu linaweza kupanda, ukapooza hapa hapa. Ndiyo maana nauliza kwanza, nipime na presha."

"Mimi mzima. Zungusha, nisikie mlio wake."

Kaka akainamisha kichwa. Alikuwa fundi, lakini ni mwanao pia, na baba ameamuru. Akajipaka mafuta. Viganja vyake vilipoishika taya yako, nilisikia mtu anasema, "Anafumba jicho moja akitazama ng'ambo." Ilikuwa sauti yangu. "Jana kikombe kilimponyoka. Na alimwambia Mama kichwa kinamuuma namna ambayo hakijapata kumuuma."

Kaka aliondoa mikono kama aliyegusa jiko. Akaipangusa, akaleta kipimo cha presha, akatazama namba, akatoka mbio kutafuta usafiri. Adhuhuri wewe na Kaka mlikuwa juu ya lori la kwenda Malindi, shingo yako imeegemezwa kwa mto wa Mama. Daktari alisema ni mshipa, si msuli, na kwamba ni heri hukuzungushwa.

Ulipanda lori bila kunitazama. Nakiri, Baba, mwanzoni nilifurahi kwamba nimesema na watu wakasikia. Kisha nikaona haya, maana kwa maneno yale nilikuvua nguo mbele ya wanao zaidi ya wewe ulivyolivua lile shati. Sijui kama ulikasirika au uliogopa. Usiku naitafuta sura yako ya siku ile, na kila mara naiona tofauti. Hata hivyo siwezi kusema ninajuta. Nakutaka ukiwa hai, hata kama umeninunia.

Jana dereva alileta salamu za Shangazi. Anasema unatembea vizuri, unakula, lakini daktari akikuuliza unajisikiaje, jibu lako ni "Alhamdulillahi" tu, basi. Baba, Mungu anakijua kizunguzungu chako. Daktari hakijui. Na huko mimi sipo nikusemee.

Tafadhali mwambie.

Nakuaga kwa heshima na mapenzi,
Binti yako wa mwisho