Majina ya Waimbaji Wanane

Jumatatu, 3 Machi
Misa ya alfajiri, kisha redioni. Nimepanga nyimbo za asubuhi kama kawaida yangu: mtunzi, mpiga kinanda, mahali zilipoimbwa. Saa nne meneja ameniita. Kuanzia leo kompyuta ndiyo itakayochagua. Hakuna maelezo tena. "Mzee wetu, wewe unatutajia mpaka shangazi wa mpiga gitaa!" Vijana wamecheka. Nami nimetabasamu, jambo ninalolijutia.

Jumanne, 4 Machi
Nyimbo zilezile, asubuhi na jioni. Kompyuta imezigawa kwa mafungu: furaha, mapenzi, huzuni. Nimeuliza ni nani aliyezigawa. Hakuna ajuaye.

Jumatano, 5 Machi
Majivu. Baada ya Misa nimekwenda Kagarama kumwona Gaspard, aliyetufundisha kwaya tulipokuwa wakimbizi Tanzania. Hawezi tena kuketi. Ameniomba jambo moja: tangazo la kifo chake likisomwa, upigwe wimbo alioutunga kule Ngara, ukimbizini, na waimbaji wote wanane watajwe. Tuliobaki ni yeye na mimi. Amenitajia majina polepole, nikayaandika. "Usiniangushe, ndugu yangu." Nimeahidi, mkono juu ya rozari yake.

Wimbo huo umo katika kanda moja tu, kabatini mwa redio.

Ijumaa, 7 Machi
Gaspard amefariki alfajiri. Mungu ampe raha ya milele. Diane, anayesoma matangazo redioni, nimempelekea tangazo, kanda na karatasi ya majina. Ni binti mwenye adabu. Ilinipasa nibaki naye mpaka lisomwe. Nikaona ni heshima zaidi kuketi na mjane.

Jumamosi, 8 Machi
Ua wa Gaspard umejaa waombolezaji, redio juu ya kiti. Tangazo limesomwa vizuri. Kisha ukapigwa wimbo wa kumsindikiza bibi harusi: nenda kwa mumeo, ukazae. Hakuna jina hata moja. Watu wameinamisha vichwa. Mmoja amecheka, akajizuia. Mjane, Mama Beata, amenitazama tu.

Nimekwenda redioni na hasira, nayo ni dhambi. Mashine ya kanda imeondolewa tangu Alhamisi. Diane amelia. Alikulia Kampala, Kinyarwanda cha wazee hakielewi. "Mzee, nisamehe. Nilifungua fungu la huzuni, huo ukawa wa kwanza. Na iko na huzuni kweli!" Ni kweli. Wimbo wa kumuaga binti huliza watu. Kutofautisha kilio na kilio hakufundishwa, na wa kumfundisha nilikuwa mimi.

Meneja: "Mzee, nani amesikia? Watu wote wako kwa simu."

Mjane amesikia.

Karatasi ya majina imekwisha kutupwa, kwa kuwa maelezo hayasomwi tena. Sikuweka nakala.

Jumatatu, 10 Machi
Tumemzika. Watu wamenawa mikono kama ilivyo desturi baada ya mazishi, wamekunywa, wameondoka. Mama Beata ameniambia: "Basi wataje hapa, shemeji. Nisikie mimi."

Nimetaja saba. Amengoja. Wa nane alikuwa mwanamke wa sauti ya pili, mrefu, wa upande wa Karagwe. Uso wake ninauona. Gaspard angelijua jina.

Tumeketi hivyo mpaka jirani alipokuja kukusanya viti.