Pua ya Kabula

Mwanza, 4 Juni 1995

Mayu mpendwa,

Mwadila mayu. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shangazi Nyanjige na ng'ombe wote, hata yule mwekundu aliyenivunja pua. Simlaumu. Nzi walimjaa machoni wakati namvisha nira, akarusha kichwa, basi. Mimi ni mzima, ila tundu la kushoto bado limeziba kabisa. Nalala mdomo wazi, naamka koo limekauka. Kwenye kwaya wamenipeleka mstari wa nyuma kwa sababu sauti inatokea puani. Na sitakuficha: pua imepinda, na kila nikipita mbele ya kioo pale dukani ninapouza vitenge, najiona.

Nataka nipasuliwe. Tangu serikali iruhusu zahanati za watu binafsi, hapa mjini wamefungua kila mtaa. Nimeonana na madaktari wawili. Wa kwanza kliniki yake ina vigae vyeupe na picha za wazungu ukutani. Hakunigusa hata pua. Akasema, "Chagua unayoitaka, wiki moja unatembea nayo mjini." Wa pili ni Daktari Januarius, bingwa wa masikio, pua na koo. Alichungulia ndani kwa tochi muda mrefu, akaniambia ukuta wa katikati ya pua umevunjika. Huyu hanipi ahadi yoyote, na hilo linanitia hofu. Moyo unanivuta kwa yule wa kwanza. Unasemaje?

Mwanao,
Kabula


Bariadi, 15 Juni 1995

Ng'wana wane Kabula,

Mwangaluka. Sisi huku hatujambo, tunachuma pamba, migongo ndiyo inalalamika. Barua yako nimeisoma mara nyingi. Shangazi yako anataka twende kwa mfumu wa Ipililo akatupigie ramli, anasema ng'ombe hampigi mtu bure. Nimemwambia ng'ombe yule humpiga kila mtu.

Habari za pua sizijui, lakini kununua dume la kulimia nakujua. Muuzaji akisifia tu, mimi naondoka. Waulize hao wote wawili: ni nani walioharibikiwa mikononi mwenu, na mliwafanyia nini? Halafu omba uonyeshwe mtu aliyepasuliwa, ukamtazame kwa macho yako. Wanunuzi wa pamba nao siku hizi wamekuwa wengi hapa, kila mmoja na mzani wake, na sisi tunawauliza kwanza waliotangulia kupima.

Jambo jingine. Pua hiyo ni ya marehemu baba yako. Wasije wakaichonga ikawa ya mtu nisiyemjua.

Mayu wako,
Felisita


Mwanza, 2 Julai 1995

Mayu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo na kazi za shamba? Mimi sijambo, na nimefanya ulivyoniagiza.

Yule wa vigae vyeupe alicheka. "Kwangu hakuna aliyeharibikiwa." Nikaomba kumwona mgonjwa wake mmoja, akasema wote wamesafiri.

Daktari Januarius alivua miwani. "Wapo," akasema. "Mmoja ukuta ulirudi kupinda, nikampasua mara ya pili. Mwingine alipata kovu ndani, hewa ikapungua." Kisha akanielekeza kwa mama mmoja anaitwa Martha, muuza dagaa sokoni, aliyempasua miaka miwili iliyopita. Martha aliniachia uso wake niutazame nilivyotaka. Pua yake ina kibonge kidogo juu, lakini alisema sasa ananusa dagaa walioanza kuharibika kabla mwenye mzigo hajafungua gunia.

Niliporudi, daktari akaniambia, "Nitakufungulia hewa na nitainyoosha kadiri mfupa utakavyokubali. Ile ya zamani kabisa sitaweza kuirudisha. Na usinihukumu kabla ya mwaka kwisha."

Nimemchagua yeye. Napasuliwa wiki ijayo. Josia, mchumba wangu, atakuwa nami hospitali. Niombee.

Mwanao,
Kabula


Bariadi, 20 Agosti 1995

Kabula,

Mwangaluka ng'wana wane. Hujambo? Nauliza kweli. Josia alituma salamu kwa dereva wa basi kwamba umetoka salama. Kama umetoka salama, mbona huandiki? Kila basi la Mwanza likifika namtuma mtu stendi. Anarudi mikono mitupu.

Hata mstari mmoja utanitosha.

Mayu wako


Mwanza, 3 Septemba 1995

Mayu,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya. Afya ninayo, uso ndio sina.

Waliponitoa pamba puani nilidhani mavuno yote ya Bariadi yalikuwa humo. Walipobandua plasta nikaomba kioo. Mayu, nililia. Pua nene kama kiazi, ncha imetazama juu, na weusi chini ya macho. Weusi umekwisha, lakini uvimbe upo mpaka leo, na hewa haipiti kushoto, ni kama mwanzo tu. Pua si ya baba, si yangu. Kwaya nimeacha kwenda. Josia akija namwambia nina kazi. Yule mwingine aliahidi wiki moja tu. Nadhani nimechagua vibaya, na naona aibu kukuambia baada ya kunishauri vizuri.

Kabula


Bariadi, 10 Septemba 1995

Ng'wana wane,

Wabeja kwa barua, hata kama imeniliza. Usione aibu kwangu.

Rudi kwa huyo daktari. Ulimpelekea shida yako, mpelekee na malalamiko yako, akueleze kinachoendelea humo ndani. Usikae unakiuliza kioo, hakijasomea udaktari.

Na nikuambie. Ulipozaliwa pua yako ilikuwa imebonyea, bibi yako Milembe akauliza, "Hii nayo ya nani?" Ilikaa karibu mwaka mzima ndipo ikawa ya baba yako. Mimi nilingoja.

Josia mfungulie mlango. Amekuja kukuona wewe.

Mayu wako


Mwanza, 10 Desemba 1995

Mayu mpendwa,

Shikamoo! Mvua huko zimenyesha? Mimi ni mzima, na safari hii nasema kweli.

Nilirudi kwa daktari. Hakukasirika. Alinieleza kwamba uvimbe ninaouona nje, ndani upo mkubwa zaidi, ndiyo maana hewa ilikwama. Akanisafisha, akanifundisha kuosha pua kwa maji ya chumvi, akasema ncha itashuka polepole. Imeshuka. Ila hakunificha: kushoto kuna kovu dogo. Likinisumbua mwaka ukiisha, atalitoa.

Sasa hewa inapita pande zote, ya kushoto kidogo kuliko ya kulia. Juu kuna kibonge kama cha Martha. Mayu, mimi nilikuwa naingoja pua ya kabla ya ng'ombe, na hiyo haipo tena. Hii iliyopo naanza kuizoea. Juzi jirani alikaanga vitunguu nikasimama mlangoni kwake kama mwizi, nanusa tu. Josia alicheka sana.

Nakuja Krismasi.

Mwanao,
Kabula


Bariadi, 14 Januari 1996

Ng'wana wane Kabula,

Mwadila. Natumaini ulifika salama. Sisi tupo, mahindi yamefika magotini.

Ulipoingia siku ile nilikusalimia nikakimbilia jikoni, nawe ukamwambia shangazi yako kwamba sijaipenda. Ameniambia. Sivyo. Nilitaka nikutazame wakati wewe huniangalii.

Kesho yake mchana, baada ya kula, ulijilaza mkekani ukasinzia. Nikasogea na ungo wangu wa mchele, nikaketi karibu. Mdomo umefungwa. Hewa inaingia, inatoka, haikwami. Nyanjige akaja na makelele yake. Nikamwambia, "Nyamaza, mtoto anapumua."

Akasema, "Kila mtu anapumua."

Nikamwambia, "Kaa hapa umsikilize huyu."

Akakaa. Tukakusikiliza wawili, mchele haukupepetwa, mpaka jua likakufikia miguuni tukakuvuta na mkeka wako. Umeshaondoka ndipo nikakumbuka kwamba hiyo pua yenyewe sikuitazama.

Mayu wako,
Felisita