Miti mu shamba la kuazima

Lushebere, Jumamosi

Mu Masisi nzima hakuna mutu anaongea juu ya hali ya hewa kunipita mimi. Ku mukutano wa vijana walinipigia makofi mpaka nikasahau njaa. Nikarudi na miche ya miti walinipatia, nikaipanda yote mu shamba Mama aliazimwa alime maharagwe.

Leo mwenye shamba amekuja.

"Maharagwe nilikubali. Lakini miti? Munataka kuninyang'anya udongo?"

"Papa, ni ya kuleta mvua tu."

"Mutoto, mwenye kupanda miti njo anasema shamba iko yake."

Nikang'oa yote mbele yake, lakini hakulegea. Akachukua shamba.

Mama hajanigombeza hata. Sijui nifanye nini. Makofi haipikwi.

Ni mimi nimepotezea Mama shamba.